Picha Iliyotundikwa Birongo

Ombati hakubisha hodi. Hilo peke yake lilimtosha Nyanchera kujua kwamba habari za soko la Birongo zimemfikia. Huyu hakuwa mwanamume wa kuingia nyumba ya mtu kama upepo. Tangu aanze kumtembelea pale kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, Kisii mjini, desturi yake ilikuwa kusimama mbali kidogo na mlango, akohoe, aseme "Bwakire", salamu ya kwao, taratibu, kisha angoje kuitikiwa. Manesi wa jirani walikuwa wakimcheka, wakimwita mchumba wa kanisani. Jioni hiyo aliingia na kofia kichwani, shati bado linanuka majani ya chai ya kiwandani, akasimama katikati ya chumba.

"Iko wapi?"

"Ombati, keti kwanza nikupe chai."

"Chai nashinda nayo kutwa nzima, sikuifuata hapa. Nimekuuliza, iko wapi?"

Nyanchera alionyesha nyuma ya mlango. Ombati akachukua kitambaa kilichoviringishwa pale, akakikunjua juu ya meza, akakitazama.

Kwenye kitambaa hicho zilikuwa zimeshonewa picha mbili kubwa. Ya kwanza ilikuwa ya mtoto mdogo aliyevimba uso na miguu, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, macho yamechoka hata kumtazama mtu. Ya pili ilikuwa ya mtoto huyo huyo amepona, anacheka, ameshika kijiko. Jina lake Abner, na baba yake ndiye huyu aliyesimama mbele ya meza.

"Mama yangu alikuwa pale sokoni. Ulijua?"

"Sikumwona, Ombati. Naapa sikumwona mpaka..."

"Mpaka watu walipoanza kumcheka."

Nyanchera aliinamisha kichwa. Ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amesimama mbele ya akina mama wa Birongo, mizani ya watoto ikining'inia kwenye tawi, sufuria ya maharagwe ikichemka, naye akigonga picha ile ya kwanza kwa kijiti. "Mtazameni mtoto huyu," alisema kwa sauti yake nzuri ya kwaya. "Nyumbani kwao kulikuwa na ng'ombe. Kulikuwa na maharagwe shambani. Lakini mlezi wake alimlisha ndizi na uji mtupu. Je, huku si kumuua mtoto huku chakula kipo?" Ndipo mwanamke mmoja mwenye macho makali akapaza sauti: "Si huyu ni mjukuu wa Bosibori wa Kiogoro?" Vichwa vyote viligeuka upande wa wauza ndizi. Bosibori alikuwa amekaa pale na mikungu yake. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mama wa watu alijifunga leso, akaacha ndizi zake chini bila kumwachia mtu azitazame, akaondoka.

"Nieleze," Ombati alisema. "Nataka kuelewa ulifikaje hapo."

Nyanchera alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yake yalivyomchoma mwenyewe. Mapema mwaka huo wa 1974 walikuwa wameitwa Nairobi, walimu wa lishe kutoka kila upande wa nchi, kwa kozi ya kujiendeleza. Wakufunzi waliwaambia waache kufundishia picha za watoto wa Ulaya walioshika tufaha, kwa maana mama wa kijijini hawezi kujiona humo. Kila mtu atengeneze vifaa vyake kutokana na kazi yake mwenyewe. Daktari mzungu wa wodi alikuwa amempiga Abner picha siku ya kulazwa na siku ya kuruhusiwa, na Nyanchera alikuwa na nakala. Akazikuza, akazishonea kwenye kitambaa. Darasani walimpigia makofi. Mkufunzi mkuu alisema kifaa hicho ndicho bora kuliko vyote. Sifa ni tamu jamani, na Nyanchera hakuwa amezizoea. Alirudi Kisii kichwa kimejaa makofi.

"Na mimi hukuniuliza."

"Nilitaka kukuuliza."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utakataa."

Ombati aliitikia polepole. "Kwa hiyo ulijua ningekataa."

Nyanchera aliona uso wake ukiwaka kuanzia masikioni, na machozi yalipokuja hakuyafuta, maana aliona hata kujifuta ni kujihurumia. Alimpenda mtu huyu. Alianza kumpenda pale pale wodini, alipokuwa akija kila baada ya zamu ya kiwandani, mjane wa kiume asiyejua hata kumshika mtoto mgonjwa, akajifunza kuponda maharagwe, kuyachuja, kumlisha mwanawe kijiko kwa kijiko akimwimbia chini chini. Siku moja mikono yao ilikutana kwenye bakuli, na hakuna aliyeharakisha kuutoa wake. Mambo yao yote yalianza na mtoto huyo, na sasa yeye alikuwa amemtundika mtoto huyo sokoni kama nyama.

"Wazee walikuwa waende kwa baba yako huko Nyamira baada ya mavuno," Ombati alisema. "Mama amesema ng'ombe wa mahari hawatoki. Amesema hawezi kutoa ng'ombe ili amlete nyumbani mtu wa kumtangaza. Ningeweza kumpinga, Nyanchera. Mimi ni mtu mzima. Lakini niambie wewe, nimpinge kwa neno gani?"

"Usimpinge."

"Kwa hiyo basi?"

"Nitakwenda kwake mwenyewe. Nitamwomba msamaha."

Alichukua wembe, akazifumua picha zile kutoka kwenye kitambaa, akampa. Ombati alizipokea bila kumgusa vidole. Mlangoni alisita, akageuka kumtazama, na Nyanchera aliona kwamba macho yale bado yanampenda. Afadhali yangekuwa na hasira tu, angejua la kufanya nayo.

Jumapili aliondoka asubuhi kwenda Kiogoro. Alivaa gauni la kijivu lisilo na urembo na kitambaa kichwani, akaacha viatu vyake vya Nairobi chini ya kitanda. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri, yenye kuanza kwa heshima na kumalizia kwa ahadi, na yote yalimpotea alipofika kwenye ua na kumwona Bosibori amesimama mlangoni.

"Bwakire, mama."

"Bwakire, mwalimu," Bosibori alijibu.

Neno hilo "mwalimu" lilimkata maini. Mpaka mwezi uliopita mama huyu alikuwa akimwita mwanangu.

"Karibu ndani. Mgeni hasimami nje ya nyumba yangu."

Ombati alikuwa ameketi ndani, karibu na dirisha. Alisimama, akasalimia, akaketi tena. Abner alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake, na Nyanchera alielewa kwamba amepelekwa makusudi. Kabla hajafungua kinywa, Bosibori alianza kupanga chakula mezani. Aliweka ugali wa wimbi, mweusi, unaotoa moshi. Akaweka chinsaga, zile mboga chungu, zilizolala usiku kucha kwenye maziwa mpaka uchungu umekwisha. Akaweka kuku mzima aliyekatwa vipande, maharagwe, kibuyu cha maziwa ya mgando, ndizi za kuiva. Meza ilijaa, akaanza kupanga vingine kwenye kiti.

"Mama, nimekuja..."

"Kula kwanza."

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Nimesema kula, mwalimu. Kula vizuri, vionje vyote. Kisha uende ukawaambie watu wa Birongo kwamba kwa Bosibori chakula kipo, na wanaoingia wanalishwa." Alikaa mbele yake, mikono juu ya magoti. "Ukitaka, leta na yule mzungu apige picha."

"Mama," Ombati alisema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza wewe. Mimi namlisha mgeni."

Nyanchera alimega tonge. Halikupita. Alilishikilia mdomoni kama mtoto asiyetaka dawa, machozi yakimtiririka, mpaka akafaulu kulimeza. Akamega lingine. Alijua kwamba akiacha kula atakuwa amemtukana mwanamke huyu mara ya pili, naye alikula kila kitu, kidogo kidogo, huku akitazamwa, na hakuna kipigo ambacho kingemuuma kama chakula kile kitamu.

Hatimaye Bosibori alipumua. Sauti yake ilipungua ukali, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya zaidi.

"Sikiliza nikuambie. Walicheka, wacha wacheke. Kinachoniua mimi ni kwamba ulisema kweli. Nilimlea mtoto yule akavimba mikononi mwangu. Mke wa Ombati alipofariki, mtoto aliharisha. Aliharisha bila kukoma. Nami nilikuwa nimekusikia wewe, pale uwanja wa kanisa, ulipokuja kutufundisha kabla hatujakujua. Ulisema mtoto akiharisha mwondolee maziwa, mwondolee maharagwe, tumbo lipumzike, umpe uji mwepesi na ndizi. Si ulisema hivyo?"

"Nilisema," Nyanchera alijibu.

"Nikatii. Ng'ombe anakamuliwa pale nje, mtoto ananyoosha mkono, namnyima. Analia, namnyima. Nilipoona anavimba, nikadhani sijakufuata vizuri, labda mahali fulani nilimpa kitu kisichofaa. Nikazidi kumnyima. Mpaka leo nalala nikijiuliza ni wapi nilipokosea." Alijifuta uso kwa pembe ya leso. "Wewe umesoma. Niambie tu, nilikosea wapi? Ili nijue."

Nje ng'ombe alikuwa akitafuna majani ya migomba.

Nyanchera alijua jibu. Alikuwa amelisikia Nairobi, katika kozi ile ile ya makofi. Mkufunzi alisimama akasema wazi: tulikuwa tukiwafundisha watu vibaya; mtoto anayeharisha asinyimwe chakula, asinyimwe maziwa, maana akinyimwa hudhoofika na kuvimba. Ninyi mlio vijijini mkirudi, badilisheni. Nyanchera aliandika maneno hayo kwa mwandiko wake safi, kisha kengele ikalia akaenda kunywa chai na wenzake. Hakumfikiria hata mtu mmoja. Hakujiuliza ni nani aliyemsikiliza hapo zamani, wala huyo mtu alifanya nini alipofika nyumbani kwake.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine chumbani humo aliyejua. Angeweza kusema, "Mama, hukukosea sana, ni mipango ya Mungu," na mama angelia kidogo, wangekumbatiana, na baada ya mavuno wazee wangekwenda Nyamira. Alimtazama Ombati. Ombati naye alikuwa akimtazama, ameinama mbele, kana kwamba anamwombea apate jibu zuri.

"Hukukosea popote, mama," alisema.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Ulifanya vile nilivyosema, na nilichosema hakikuwa sawa. Tulifundishwa vibaya, nasi tukafundisha vibaya. Nimeambiwa Nairobi, kwenye kozi. Ungempa yale maziwa, huenda asingevimba." Sauti ilimkatika, akailazimisha irudi. "Mimi ndiye niliyemvimbisha Abner. Kisha nikakutundika wewe sokoni kwa kosa langu."

Ombati aliinuka. Aligeukia dirisha akawapa mgongo. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Maneno niliyajua tangu kozini. Lakini kuyaunganisha na nyumba hii, nimeyaunganisha sasa hivi, hapa mezani. Wala hilo si la kunitetea. Ilinipasa kufikiri."

"Nilikuja wodini kila siku nikikushukuru," Ombati alisema. "Nilikushukuru mpaka nikakupenda."

Alitoka nje. Nyanchera alisikia hatua zake zikipita uani, zikapotea kuelekea shambani. Alitaka kumfuata, miguu ikakataa. Aliona aibu ya kuwa na miguu, ya kuwa na gauni safi, ya kuwa na tumbo lililojaa chakula cha mwanamke aliyemwumiza hivyo.

Bosibori alitazama mikono yake, kama anayeiona upya.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," alisema.

"Haikuwa wewe, mama."

"Haya." Alivuta pumzi ndefu. "Umeniambia, nimesikia. Lakini hapa tuko watu wawili, na ile picha iliangaliwa na soko zima."

Nyanchera aliinuka, akaaga kwa heshima.

Siku ya soko ilipofika, alisimama Birongo mahali pale pale. Hakuwa na mizani wala sufuria, na mikono yake ilikosa pa kukaa. Akina mama walikusanyika haraka kuliko kawaida, maana kila mtu alitaka kujua leo ataanikwa mtoto wa nani. Bosibori alikuwa nyuma ya mikungu yake, ameinamisha uso. Mbali kidogo, karibu na duka la chumvi, Nyanchera aliona kofia ya Ombati. Hakuwa amemsikia tangu Jumapili. Hakujua kama amekuja kumsikiliza au amekuja kuaga.

"Mama zangu," alianza, na sauti nzuri ya kwaya ilikuwa imemwacha. "Siku ile nilipowaonyesha mtoto, niliwaambia mlezi wake alimnyima chakula. Sikuwaambia kwamba mimi ndiye niliyemwamuru. Nilikuja Kiogoro nikafundisha kwamba mtoto akiharisha anyimwe maziwa na maharagwe. Bosibori alinisikiliza. Mlimcheka mtu asiye na kosa, na niliyewachekesha ni mimi. Sasa nimefundishwa upya. Mtoto akiharisha, mpeni maji, mpeni maziwa, mpeni maharagwe yaliyopondwa, kidogo kidogo, mara nyingi. Msimnyime."

"Na mwakani," alisema mwanamume mmoja aliyeshika kuku, "utakuja utuambie hilo nalo ulikosea?"

Watu walicheka. Nyanchera alisubiri kicheko kiishe.

"Nikijulishwa kwamba nimekosea, nitakuja," alisema. "Nitasimama hapa hapa."

Waliokuwa wakicheka walitulia. Mmoja alisema, haya, angalau amesema. Mwingine akaitikia. Nyanchera alianza kufikiri kwamba yamekwisha, kwamba ameyapita, na ndipo mwanamke aliyekuwa akiuza vitunguu mbele kabisa alipoinua kichwa. Aliitwa Drusilla, jirani ya Bosibori, mtu mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Hakuipandisha hata siku hiyo.

"Na wangu?" aliuliza.

Soko lote lilijua. Drusilla alikuwa na binti aliyeharisha mwaka ule ule wa Abner, ila hakumfikisha hospitali. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

"Na mimi nilikuwa pale uwanja wa kanisa," Drusilla alisema. "Nilikaa mbele, nisikie vizuri. Na wangu?"

Hakuna kozi iliyomfundisha Nyanchera jibu hilo. Drusilla alimngoja, alimngoja kwa kweli, kama mtu anayengoja chenji yake, kisha akaviacha vitunguu pale chini akaondoka polepole kwa njia ya Kiogoro. Watu walimpisha. Nyanchera alifunika uso kwa viganja vyote viwili mbele ya soko zima, akalia kwa sauti.

Alipoondoa mikono, Ombati alikuwa amesimama kando yake. Hakumshika, kwao mwanamume hamshiki mchumba wake hadharani. Lakini alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba kila mwenye macho aliona amesimama upande gani.

"Nataka kumfuata," Nyanchera alisema. "Sina la kumwambia, lakini nataka kumfuata."

"Nitakusindikiza."

"Hulazimiki..."

"Nimesema nitakusindikiza. Bado nimekasirika. Naweza kutembea nikiwa nimekasirika."

Walipopita mbele ya mikungu ya ndizi, Bosibori aliinuka. Alimtazama msichana huyu usoni, macho yamevimba, pua inatoka maji, kitambaa kimelegea kichwani, akakifunga upya kwa mikono yake mwenyewe, akikaza fundo kama anavyofungwa mtoto.

"Ukifika kwa Drusilla usijiite mwalimu wa lishe," alisema. "Mwalimu wa lishe hatamfungulia. Mwambie wewe ni mke wa mwanangu. Mimi na yeye tulimzika binti yake pamoja, atakufungulia."

Mke wa mwanangu. Hayo ndiyo maneno ambayo Nyanchera alikuwa ameyangojea tangu siku ya bakuli la wodini, ameyaota, ameyafanyia mazoezi ya kuitikia. Sasa yalikuwa yamesemwa mbele ya Birongo nzima, na Ombati alikuwa ameyasikia asiyakane. Alitaka kufurahi. Alimwona Drusilla mbele kule, mdogo njiani, anatembea mikono mitupu kwenda kwenye nyumba yake, na akaona haya kufurahi.

"Asante, mama," alisema, akaanza kumfuata.